Jibu Namba Nane

Serikali haina kidole. Ina changu.
Ghorofa ya tatu, Ulaanbaatar,
dirisha limeota barafu kwa upande wa ndani,
na mimi, Nomindari binti Gantulga,
naandika "sisi" tangu saa tatu asubuhi
hadi chai ya chumvi igande kikombeni.

Sisi tunawapenda vijana.
Sisi tunasikiliza.
Sisi tuna majibu saba kwenye faili,
yamesainiwa, yamepigwa muhuri, yana namba:
la kwanza lashukuru, la pili lapokea,
la tatu lasema suala linashughulikiwa,
la nne ni la tatu lililovaa tai.
Mengine siyataji, yanafanana kama mayai.

Januari tulimchezesha Waziri.
Sekunde kumi na tano, mabega juu, mabega chini,
mtindo aliofundishwa na mpwawe wa darasa la nane.
Mioyo elfu arobaini kabla ya chakula cha mchana!
Mkuu wa kitengo akanunua keki.
Waziri akaniuliza pembeni, kwa sauti ndogo nisiyoitarajia:
"Walicheka nami, au walinicheka?"
Nikampa jibu la pili.

Chini ya mabega hayo, kijana mmoja,
Temuulen, picha yake ni mbwa aliyevaa kofia,
aliuliza: Taa ya kituo cha basi, kule juu kwenye mahema,
itawaka lini? Dada yangu hutoka shule gizani.
Nikampa la kwanza.
Akauliza tena. La tatu.
Akauliza mara kumi na moja, bila tusi,
kama mtu anayebisha hodi huku akisikia vijiko ndani.
Mara ya kumi na mbili akaandika:
Ninyi ni nani hasa?

Ilikuwa saa sita usiku, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
moshi wa makaa umelala juu ya mji
kama ng'ombe aliyegoma kuinuka.
Nilikuwa kitandani, simu ya serikali imeniangaza uso.
Nikaandika: Mimi. Mtu mmoja. Taa sijui. Nitauliza kesho.
Nikatuma.
Nikajifunika blanketi gubigubi, kama mtoto aliyevunja chungu.

Kulipokucha, "sijui" yangu ilikuwa imeizunguka nchi,
imempita Waziri na mabega yake.
Watu waliiandika kwa kidole kwenye vioo vya magari.
Wengine waliuliza kama ukurasa umedukuliwa.

Niliitwa. Nikavaa koti langu zuri, la kufukuzwa nalo.
Mkuu wa kitengo hakufoka.
Alikuwa na chati mezani, mstari unapanda kama mbuzi jabalini.
"Hii," akasema, "iwe kila Ijumaa. Saa nne kamili.
Tuitafutie rangi."

Basi sasa ni jibu namba nane: Sijui.
Lina muhuri.
Lina kikatuni cha mtu anayeinua mabega,
yale yale mabega.

Lakini niliuliza, kama nilivyoahidi.
Fundi akanituma bohari, bohari kwa mhasibu,
mhasibu akataka kujua mimi ni nani.
Nilikaa kwenye benchi lake siku tatu
nikilitafuta jibu la swali hilo.
Mwisho wa Februari taa ikawaka.

Jana Temuulen ametuma picha.
Nguzo, theluji, duara la mwanga wa manjano,
dada yake katikati, mkoba mgongoni,
amenyoosha shingo kuitazama barabara.
Na maneno machache:
Asante, Mtu Mmoja.
Sasa tunaliona vizuri basi lisilokuja.

Kidole kiko juu ya nane.
Hakijashuka.